Mlango Unaofunguka Nje

Mlango umerudi! Amisi, mlango wako umerudi, umeegemea ukuta hapa mbele yangu, na nyumba hii hatutoki tena!

Sasa ngoja nikusalimie. Mwanangu Amisi, papa wangu, weye uliyebeba jina la baba yangu, nakusalimu sana. Sisi hapa Kasongo tuko wazima. Dada yako amezaa tena, mtoto wa kike, ana paji la uso kama lako. Mimi magoti yananiuma wakati wa mvua, lakini sura ni ileile, ukiniona utanijua.

Barua hii sikuifunga. Simu yako haiiti tena, na shimo la dhahabu unalofanyia kazi silijui, basi nimempa Saidi, motari wa avenyu yetu anayebeba watu kwa pikipiki, aisome kwa sauti katikati ya soko la Salamabila. Ninyi mnaosikia, msicheke. Ninayemtafuta ni kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, ana kovu la patasi kwenye kidole gumba cha kushoto, na akipiga randa anapiga na mluzi. Kama huko kwenu yuko mwingine mzuri kama huyo, mama yake aandike barua yake mwenyewe.

Amisi, unakumbuka siku ulipouleta ule mlango? Ulikuwa bado unajifunza kwa fundi, ulikuwa mlango wako wa kwanza, ukaubeba kichwani kutoka karakana mpaka hapa, na watoto wa avenyu wakakufuata kama unaleta bibi harusi. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa amekaa uani anachambua mchele. Akakuambia, "Weye mutoto, nyumba ni ya kupanga. Unamutengenezea Sumaili mulango?" Ukamjibu, "Anayefungua kila asubuhi ni mama. Basi mulango ni ya mama." Mimi nilijifanya sijasikia. Nikaenda jikoni nikalia kidogo, nikasema ni moshi.

Kisha ukaufunga, na wote tukaona umezifunga bawaba upande mwingine. Milango ya watu wote inafunguka ndani. Wako ulifunguka nje. Mgeni akibisha hodi ni lazima arudi nyuma, la sivyo unampiga usoni. Mama Zaina, jirani yetu, ulimpiga kwenye tumbo siku ya kwanza, akapiga kelele, "Ee Mama Amisi, mutoto wako ametengeneza mulango ao ametengeneza mbuzi?" Ulitaka kuung'oa urudie kazi. Nilikukataza. Nikawaambia wote waliocheka: milango yenu inamkimbia mgeni, inajificha ndani, wa Amisi wangu unatoka nje kumpokea. Mpaka leo naisema hivyo.

Ile siku ya mwenye nyumba wetu Sumaili sitaki kuisema sana, maana uliiona mwenyewe. Baba yako tulikuwa tumemzika, njia ilikuwa imeharibika kwa mvua, mchele hautoki, chumvi haiingii, na kodi ya nyumba ilikuwa imelala miezi. Weye unajua wenye nyumba wa hapa hawakupigi wala hawakutukani. Wanakuja na vijana wawili, wanatoa mlango, wanaenda. Unabaki na shimo mbele ya uso wa watu wote, mpaka haya ikutoe yenyewe. Mzee Sumaili alisimama pale barazani na fimbo yake. "Mama Amisi, kama hamutoki, mulango itatoka." Nikakuangalia. Ulikuwa umeshika kisanduku chako cha patasi. Nilipenda ulie, au umtukane. Uliangalia tu mlango wako unavyobebwa.

Asubuhi ukapanda moto, pikipiki ya kwenda Salamabila. Ukaniambia, "Nitarudi na nyumba, mama. Nyumba yenye mulango yenye hakuna mutu ataitoa." Nikatundika kitambaa cha kikwembe changu cha kijani pale mlango ulipokuwa, nikakusindikiza kwa macho tu, maana nilikuwa siwezi kuiacha nyumba wazi.

Sasa nikuambie usichokiona, kwa sababu ulitoka mapema mno, papa wangu. Vumbi ya moto yako ilikuwa haijatua bado, Mama Zaina akafika na kinu chake na mafungu mawili ya majani ya mhogo. Akakaa kwenye kizingiti, katikati kabisa. Nikamwuliza, unafanya nini? Akasema, "Nyumba haina mulango? Basi miye ndiyo mulango." Na unamjua alivyo: akikaa, hata kuku hapiti. Akaanza kutwanga sombe. Wakaja na wengine, huyu na mafuta ya mawese, huyu na samaki mkavu, mke wa mchungaji na sufuria yake, tukajaa barazani kama kwenye ndoa.

Sumaili alirudi kuona kama tumehama. Alikuta wanawake kwenye kizingiti na chakula kinatoa mvuke. Na weye unajua adabu ya hapa: mwanamume hawezi kuruka miguu ya mama aliyekaa na chungu chake, na mtu hawezi kuwapita watu wanaokula bila kukaribishwa.

"Karibu, mzee," Mama Zaina akamwambia.

"Sikuja kula."

"Basi kula na hasira yako. Sombe haitachagua."

Alikula. Alikula amesimama, kisha akakaa, kisha akaomba pilipili. Na mtu akishakula kwako hawezi tena kuongea kama askari. Siku ile tulipatana: sisi wanawake tutamlimia shamba lake la mpunga kule Lusangi, tutaupaka udongo ukuta uliokuwa unaanguka, na mimi nitabaki. Mlango hakuurudisha. Alisema utabaki kwake, kama rehani.

Ndiyo namna shirika letu lilianza. Linaitwa Tukae Mlangoni. Na prezida ni nani? Ni mama yako! Mimi niliyeacha shule mapema, leo shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wetu, akitaka kujua nani anafukuzwa wapi, ananiita mimi. Tuko waislamu na wakristo, tuko na sufuria kubwa tatu, na shamba letu wenyewe Lusangi, mavuno yake yanaenda kwenye nyumba iliyokwama. Tulikaa mlangoni kwa mwalimu aliyekosa mshahara. Tulikaa kwa mjane aliyekimbia kutoka Wamaza na watoto wake. Mara moja tulishindwa: tumekaa mbele tunatwanga, mwenye nyumba akapita nyuma akatoa mabati. Siku hiyo tuliwagawa watoto wa nyumba ile katika nyumba zetu, na mmoja bado yuko kwangu, analala pahali pako. Usikasirike, nimemwambia ni kwa muda.

Lakini kila nilipoenda soko nilipita njia ya kwa Sumaili. Alikuwa ameufunga mlango wako kwenye nyumba yake mwenyewe, tena kwa kufunguka nje vilevile, maana ulivyokuwa umezichonga nafasi za bawaba haukubali namna nyingine. Nilikuwa nausalimia. Watu walifikiri namsalimia mzee. Kama hakuna mtu karibu niliugusa kidogo, pale chini ulipoupiga randa mara nyingi mno mpaka ubao ukaingia ndani.

Sasa sikiliza kilichotokea. Kaka mkubwa wa Sumaili alikufa Kindu, na nyumba anayokaa Sumaili ilikuwa ya huyo kaka. Watoto wa marehemu wakaja, wawili, viatu vinang'aa, wanataka kuiuza, mzee atoke. Habari ikafika kwenye shirika. Mwanangu, kelele iliyotokea!

Mama Zaina alisema, "Aliyetoa mulango ya wenzake, na yake itolewe. Asikie baridi namna inaingia." Wengine wakapiga makofi. Mimi nikasimama. Nikawaambia, "Miye siendi kwa Sumaili. Miye naenda kwa mulango ya mutoto wangu. Iliondoka mara moja niko naangalia. Mara ya pili siangalii." Nikabeba kinu, nikaenda peke yangu. Sikugeuka, lakini kabla ya kufika kona nilisikia pumzi ya Mama Zaina nyuma yangu. Alikuwa amebeba sufuria, na alikuwa ananitukana njia nzima.

Tulikaa, migongo kwenye mlango. Wale vijana wakafika na bisibisi.

"Wamama, mutupishe, nyumba iko ya baba yetu."

"Pita, baba," Mama Zaina akasema, "kama unaona njia."

Walitaka kuung'oa mlango, lakini kuung'oa ni lazima kwanza ufunguke, na unafunguka nje, na nje tumekaa sisi! Walivuta, walisukuma. Kosa lako, Amisi. Lile kosa walilokucheka avenyu nzima, ndilo lililowashinda vijana wa Kindu. Na mzee Sumaili naye amefungiwa ndani, anaita, "Nani iko? Nani iko hapo?" Nikamjibu, "Ni Mama Amisi." Chakula chake tulimpitishia dirishani.

Wale vijana walikula, kama wote. Wakakubali mzee abaki pale mpaka Mungu amwite, wao wauze kiwanja cha nyuma. Na baada ya siku chache naona Sumaili anakuja barazani kwangu, anavuta pumzi, nyuma yake mkokoteni, juu ya mkokoteni mlango wako. Shefu wa kartie alikuwepo. Sumaili akasema mbele yake, "Mama Amisi, utakaa hapa mpaka uchoke mwenyewe." Kisha akaomba maji. Nilimpa.

Mafundi watatu wamekuja wanataka kuufunga bure. Nimewafukuza. Nimewaambia mlango huu una mwenyewe, na mwenyewe yuko njiani. Mama Zaina ananiuliza, njia gani hiyo isiyoisha? Kikwembe cha kijani bado kinaning'inia, jua limekila mpaka hakina rangi. Upepo ukikitikisa nafikiri ni weye, nasimama. Na avenyu nzima inaniita kwa jina lako. "Mama Amisi! Mama Amisi!" kutoka asubuhi, watu hawajui wananifanyia nini.

Kijana mmoja aliyetoka huko aliniambia amekuona, unakata miti ya kushikilia mashimo, umekonda. Akasema dhahabu haijakukubali, na weye unaona haya kurudi mikono mitupu. Amisi, papa wangu, nani alikuomba dhahabu? Nyumba tuko nayo. Mlango tuko nao. Kinachokosekana ni mtu wa kuuinua na kuushika sawa nikiingiza pini za bawaba, na kazi hiyo haifanywi na mikono iliyobeba kitu. Njoo nayo hivyohivyo, mitupu.

Na usiurekebishe. Uufunge ufunguke nje, kama zamani.

Saidi atakungoja, ana nafasi nyuma yake, nimekwisha kumlipa kwa mchele. Nimeshawaambia wote: dada yako na mume wake, fundi wako wa zamani, mke wa mchungaji, Mama Zaina na kinu chake, hata Sumaili nimemwambia. Sombe itakuwepo, na wali wa Lusangi.

Ni mimi mama yako, ninayeitwa kwa jina lako,

Mama Amisi

Jumapili ya kwanza baada ya Idi. Wote watakuwa barazani, wamerudi nyuma kidogo, wamekuachia nafasi ya kufungua.