Kifaru Kilichosimama Kichakani

Ruse, 27 Machi

Mpendwa mdogo wangu Ognyan,

"Ngazi haidanganyi, dada. Mtu akishuka daraja ameshuka mwenyewe, hakusukumwa na mtu. Umeacha mechi katikati kama mtoto aliyeitwa kula, na mimi sihitaji mwenzi wa namna hiyo." Hayo ndiyo uliyoniandikia Jumapili ile, kisha ukaniondoa kwenye orodha ya marafiki zako kabla sijapata nafasi ya kujibu. Simu hupokei. Lakini mtu aliyegombana na mameya wanne gazetini kwa miaka ishirini na sita hanyamazishwi kwa kubonyezwa kitufe. Nimenunua bahasha na stempu. Utanisoma kwenye karatasi.

Kwanza nikusalimu, maana ugomvi si sababu ya kukosa adabu. Hujambo, Ogi? Huko Linz kumeanza kupata joto? Mgongo wako umepona baada ya yale masanduku ya ghalani, au bado unajipaka dawa na kujidanganya kwamba umepona? Nataraji unakula chakula kilichopikwa, si mikate ya kituo cha mafuta. Mimi ni mzima, isipokuwa mkono wa kulia, ndiyo maana mwandiko huu unayumba kama wa mlevi. Mplamu wa uani umechanua juzi. Mto umejaa, na kila nikiutazama nakumbuka kwamba maji haya yamepita kwako kabla ya kufika kwangu.

Sasa nije kwenye hoja yako, kwa sababu ni hoja mbovu na siwezi kuiacha ipite.

Ngazi ya mchezo wetu wa vifaru vya vita mtandaoni inadanganya. Inajua jina lililoandikwa juu ya kifaru, haijui ni nani aliyeketi kitini. Haijui kama mchezaji ana homa, kama jirani anatoboa ukuta, kama akaunti imenunuliwa ikiwa imeshapandishwa na mtu mwingine. Inahesabu ushindi na kushindwa, basi. Wewe umeichukua hesabu hiyo ukaifanya cheti cha tabia. Najua ulikoitoa falsafa hiyo, kwa kuwa niliiandika mimi. Ni mimi niliyekwambia, tulipokuwa tumekwama kwenye daraja la Fedha mwaka mzima, kwamba kila mechi tuliyopoteza tuihesabu kuwa ni kosa letu wenyewe, hata kama mwenzetu alilala, kwa kuwa anayemlaumu mwenzake hajifunzi kitu. Kanuni hiyo ilitufikisha Dhahabu, na mpaka leo naitetea, lakini ndani ya mchezo tu. Ukiitoa nje ukaipeleka mezani kwa watu, inakuwa ukatili. Nawe umeibeba nje miaka tisa.

Jambo la kwanza ulilopaswa kulijua mapema: mwezi wa Oktoba nilikwambia mkono unauma kidogo. Haukuwa unauma kidogo. Mishipa ya kiganja ilikuwa imebanwa kwa miaka yote hii ya kuandika makala za hasira, na baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa mwezi huo, walinipasua. Nilikusingizia kwamba namalizia kitabu, nikakuomba tupumzike kucheza hadi mwaka mpya. Sikusema ukweli kwa sababu niliogopa. Tangu ulipoondoka hapa, wewe na mimi hatuna kingine ila Jumapili saa nane mchana, vifaru viwili kwenye ngazi ya jozi, na maneno machache ya kuchapa. Ndivyo ninavyojua kwamba uko hai. Niliona ukisikia kwamba mkono wangu umekufa utatafuta mwenzi mwingine, na Jumapili yangu itakwisha.

Baba ndiye aliyekuwa akinifunga bendeji. Ndiyo, naandika neno Baba, usitupe karatasi. Najua hujazungumza naye tangu ile siku ya arobaini ya mama. Yeye Jumapili zote hizo alikuwa akiketi nyuma yangu kwenye kiti cha jikoni, akijifanya anasoma gazeti. Alipoona kifaru chako kikigeuka aliniuliza kama ni wewe, nami nikisema ndiye, alirudi gazetini. Jioni moja ya bendeji nilimwambia jambo, ambalo nitakueleza hapo chini kwa kuwa bado najipa moyo. Siku mbili alijifungia chumbani kwake. Siku ya tatu alikuja mezani amevaa miwani, akavuta kiti, akaniambia nimwonyeshe hicho kipanya kinashikwaje.

Nilimcheka, Ogi. Mzee wa miaka sabini na saba, yule yule aliyekuwa akiuita mchezo wetu ugonjwa wa watu wasio na kazi. Akaniambia nicheke haraka nimalize, tuanze.

Tulimfungulia akaunti mpya kwenye daraja la Chuma, chini kabisa. Alikufa mechi thelathini na moja mfululizo. Mtoto fulani huko mtandaoni alimwandikia kwamba hata bibi yake aliyekwisha kuzikwa anaendesha vizuri kuliko yeye. Baba aliniomba nimtafsirie, akafikiri, akasema huenda ni kweli, mabibi wengi wana subira. Alinunua daftari la shule. Kila alipokufa alifungua rekodi ya mechi, akaitazama mpaka mahali alipokufa, akaandika mstari mmoja. Ninalo hapa. "Nilitoka kichakani bila sababu." "Nilimtazama mmoja, wa pili akanipiga." "Haraka." "Haraka." "Haraka tena, mjinga mimi." Akipoteza mara mbili kwa mfuatano aliinuka akaenda kumwagilia jeraniamu, maana aliona mtu aliyekasirika hupoteza na ya tatu. Alichagua kifaru kimoja tu, kile chepesi cha upelelezi, akakataa vingine vyote. Ramani moja aliisoma mwezi mzima mpaka akajua kila kichaka, kama alivyojua kila reli ya bandari alipokuwa akiendesha kreni.

Na hapo ndipo nilipoelewa. Miaka thelathini na minane aliketi juu kwenye kile kibanda cha kreni, akitazama chini, akingoja mzigo utulie kabla ya kuugusa. Vidole vyake ni vizito, hajui kufyatua haraka. Lakini kukaa kimya na kuona, hakuna wa kumshinda. Alijificha kichakani akawaonyesha adui kwa wenzake, akaacha wapige wao. Alisema wale vijana wote wana haraka ya kwenda kaburini, yeye kwa umri wake hana. Kufikia siku ya Trifon mwezi wa Februari, watu walipokuwa wakipogoa mizabibu, alikuwa ameshafika Dhahabu.

Sasa umeshajua nitakachosema, lakini nitakisema kwa sababu kinastahili kuandikwa. Tangu Jumapili ya pili ya Januari, mtu aliyekuwa kwenye kifaru changu hakuwa mimi. Alikuwa Baba. Mimi nilikaa kwenye kiti chake cha jikoni, nikachapa majibu kwa mkono wa kushoto.

Uliona tofauti. Uliandika, "Dada, siku hizi unacheza kama bibi kizee, lakini bibi mwenye macho." Nilimsomea. Alicheka mpaka akakohoa, na wiki nzima nikimwita mezani alijibu kwamba bibi mwenye macho anakuja. Ulimtania kwamba anaendesha kama anapeleka mayai sokoni, akasema nikwambie hajavunja hata moja. Halafu ile Jumapili ya Februari mlipobaki wawili dhidi ya watano, akawaonyesha wote mmoja mmoja ukawamaliza, uliandika, "Leo bila wewe nisingetoka hai. Asante." Neno asante. Aliniomba niliandike kwenye karatasi kama lilivyo, na herufi zako ndogo, bila kurekebisha. Akalikunja, akaliweka pamoja na kitambulisho chake.

Nilimwambia imetosha, tukwambie ukweli. Alikataa. Alisema ukijua utaondoka, na kwamba yeye alikuvunjia heshima mbele ya watu, kwa hiyo hawezi kuja kwako mikono mitupu. Alijua unaitaka Almasi, daraja la juu ya Dhahabu, miaka yote hii. Alisema siku mkiingia Almasi atachapa mwenyewe, kidole kimoja kimoja: ni mimi, Stamen, baba yako. Alishajifunza zilipo herufi.

Jumapili ile mlibakiza ushindi mmoja. Nilikuwa jikoni natoa banitsa, ule mkate wetu wa jibini, kwenye oveni. Nilisikia kipanya kikianguka sakafuni, nikadhani amekasirika, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nilipofika mdomo wake ulikuwa umekwenda upande. Kwenye ramani kifaru kilikuwa kimesimama kichakani, juu kidogo ya daraja la mto, mahali pazuri kabisa, na alikuwa ameshakuonyesha watatu. Nilipiga simu, nikaketi naye sakafuni. Nilikuwa na mkono mmoja mzima, na huo ulishika kichwa chake. Kwenye skrini maneno yako yalikuwa yakipanda. "Uko wapi?" "Nionyeshe wa nne." "Umelala, bibi?" "Nimekufa kwa ajili yako." Niliyasoma yote, Ogi. Sikuwa na mkono wa kukujibu.

Walimpeleka hospitali, na leo ni siku ya kumi na mbili. Upande wa kulia hausogei. Maneno yanamtoka moja moja. Neno lake la kwanza, siku ya tatu, lilikuwa kuuliza kama mlishinda. Nikamwambia ndiyo. Mimi niliyeandika makala nzima dhidi ya madaktari wanaowadanganya wagonjwa, nilimwambia ndiyo, mmeingia Almasi. Tangu hapo anangoja. Mlango wa wodi ukifunguliwa anageuza macho. Mkono wa kushoto unazunguka polepole juu ya blanketi, duara ndogo ndogo, na nesi anadhani ni ugonjwa. Mimi najua anachofanya.

Bado amevaa uzi wa Machi wa kuombea afya, mwekundu na mweupe, niliomfunga mkononi tarehe moja. Walitaka kuukata ili waweke sindano, akawazuia. Sindano wakaichoma mkono mwingine.

Sasa lile jambo. Nimezunguka kurasa nne ili nisilifikie.

Usiku ule mama alipozidiwa ulinipigia kutoka Sofia, kwenye mashindano, ukaniuliza urudi au ubaki. Nikakwambia ubaki. Nilikwambia daktari ametoa wiki nzima, umalize, ulete kombe, mama atafurahi. Hakuna daktari aliyesema wiki. Niliisema mimi, kwa sababu nilitaka ushinde, na kwa sababu nimezoea kusema kwa uhakika mambo nisiyoyajua. Mama hakufika asubuhi.

Siku ya arobaini, sahani za ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu ya marehemu zikiwa mbele yetu, Baba alisimama akasema mbele ya ukoo mzima kwamba mama amekufa akikungoja, nawe ulikuwa na vifaru vyako. Ulinitazama. Unakumbuka ulivyonitazama. Mimi, ninayejibu kila mtu, ninayebishana na redio, niliinamia sahani yangu nikahesabu punje za ngano. Nawe hukunitaja. Ulichukua koti ukatoka. Miaka tisa hukunitaja kwa mtu yeyote, hata kwangu, tukicheza pamoja kila Jumapili.

Hilo ndilo nililomwambia Baba ile jioni ya bendeji. Hakunipiga, hakunifokea. Aliuliza tu kama nina hakika kwamba ulinipigia, nikasema nina hakika. Ndipo akajifungia zile siku mbili, na ya tatu akaomba kipanya.

Kwa hiyo hoja yako, mdogo wangu, imeanguka. Mtu akishuka daraja ameshuka mwenyewe, hakusukumwa na mtu? Wewe ulisukumwa. Niliyekusukuma ni mimi, halafu nikakaa nyuma yako nikikufundisha kwamba kila kosa ni lako. Uliniamini. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Karatasi ya tangazo la kifo cha mama, ile tunayoibandika kila mwaka, nimeibandika upya mlangoni mwaka huu, na picha yake ile ya kola nyeupe. Kando yake kuna nafasi. Kila nikiingia naitazama na sitaki kuijaza. Daktari hakutaja siku. Alisema tu kwamba mwenye safari asikawie, na safari hii nimemnukuu neno kwa neno, sikuongeza langu.

Wasalimie wenzako wa ghalani, na yule mama mwenye nyumba anayekupa supu, mwambie namshukuru.

Sitaki jibu, Ognyan. Sitaki msamaha wa posta, wala usinirudishe kwenye orodha ya marafiki; sistahili, na kiti kile si changu tena. Panda basi la Ijumaa. Ukifika, pita uani kwanza, kata tawi la mplamu lenye maua, maana uzi wake unapaswa kufungwa kwenye mti uliochanua na yeye hawezi kuufikia. Ingia wodini, keti upande wake wa kushoto, ndio wenye mkono unaoweza kukushika. Atakuuliza kama mlishinda. Mjibu wewe.

Dada yako,
Zdravka