Tomati za Maman Faida

Yaya Zawadi, ukae na amani huko Uvira.

Huku Bukavu mvua haiachi. Ile mulima nyuma ya Bagira, yenye siye tunashukaga na kinga, baiskeli za magurudumu manene, iko ya Leta, ya serikali, haiko ya mutu. Lakini sasa wanataka kuikata parseli, viwanja vya kuuza. Tukaenda kumuona shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa. Akasema: «Njia ya kuchezea nitaifunga. Njia yenye kupitisha muzigo ya watu, hiyo siigusi.»

Basi leo asubuhi nikapanda mpaka juu kwa Maman Faida, mwenye kulima tomati, nikafunga kitunga yake nyuma ya kinga. Akaniambia: «Papa, hiyo iko chakula ya watoto wangu.» Nikamwambia najua. Nikashuka ndani ya matope, vidole kwenye breki, mpaka sokoni. Shefu alikuwa pale. Aliniangalia mpaka nikatua kitunga.

Kesho wenzangu wote watabeba makala ya kupikia na muhogo. Tutabeba mpaka achoke kutuangalia.

Unibusie watoto. Na umutulize mama: hiyo doa nyekundu kwenye hii kadi nakuandikia haiko damu. Iko tomati moja yenye ilipasuka. Zingine zote zilifika.

Mudogo wako,
Bahati