Gari la Umeme Linakuja, na Mume Wangu Haoni Pembeni

Mpendwa Anti Rukia,

Najua huenda nimekuzidi umri, lakini nakuita Anti kama wasomaji wako wote, na ninakusihi unisome mpaka mwisho kwa sababu jambo hili sijalisema kwa mtu yeyote, hata kwa mchungaji wetu, na sasa siku zinakaribia.

Naishi Makole hapa Dodoma na mume wangu, nitamwita Sostenes ingawa silo jina lake. Alikuwa dereva wa serikali tangu ujana mpaka alipostaafu, amewapeleka mabosi Chemba, Kondoa na kwingine kote kwenye vumbi na tope, hakuwahi kumgonga mtu wala kuangusha gari, ndiyo maana mtaani kwetu mpaka leo wanamwamkia "Shikamoo Dereva", wengine hawajui hata jina lake. Anti, mume wangu haoni. Siyo kwamba ni kipofu, mbele anaona, hata ujumbe kwenye simu anasoma, lakini pembeni hana kitu, kushoto giza, kulia giza, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, ukimwekea kikombe cha chai kando ya mkono anakimwaga, mlangoni anagonga bega. Ilianza taratibu, na nilipomwambia twende hospitali ya macho akasema, "Nikienda wataniambia nisiendeshe. Mama Violeth, ukiitoa habari hii nje umenizika."

Basi nikanyamaza, tena nikafanya zaidi ya kunyamaza, nikawa macho yake. Kila anapoendesha mimi nakaa kiti cha mbele namwambia kwa sauti ya chini kama tunapiga soga, "bodaboda kushoto, mama na ndoo kulia, subiri, haya nenda," naye anageuza usukani kana kwamba ameona mwenyewe, na tukiwa na abiria nyuma hawagundui. Nilikuwa najidanganya kwamba tunaweza, kwa sababu gari letu ni dogo, kuukuu, zito kuondoka, ukikanyaga mafuta linajivuta kwanza, kwa hiyo napata nafasi ya kusema. Halafu kifuku, mvua zikinyesha, njia ya kwa mama yangu huko ndani ya Chemba inakuwa tope tupu, gari halipiti, mume wangu anakaa nyumbani, na Mungu anisamehe, wakulima wakiomba mvua ikatike kidogo wapalilie, mimi naomba iendelee.

Sasa binti yetu Violeth, anayefanya kazi nje ya nchi, ameamua kumletea baba yake gari la umeme. Toleo lililopo sokoni linavuta kwa magurudumu mawili tu, kwa hiyo wanasubiri toleo linalotarajiwa mwakani, lenye mota mbili, moja mbele moja nyuma, litakalovuta kwa magurudumu yote manne na kuchanganya mwendo haraka kuliko la sasa. Sostenes amekuwa kama mtoto anayesubiri Krismasi. Anaangalia video za magari hayo mchana kutwa, simu karibu iguse pua, ananiita, "Njoo uone! Ukigusa tu linachomoka, halina kusubiri. Na tope halina habari nalo, mwakani tunakwenda kwa mama yako hata mvua inyeshe vipi." Yeye anacheka, mimi naogopa. Anti, likichomoka hivyo mimi nitasema saa ngapi? Kabla sijamaliza kusema "kushoto" tutakuwa tumeshampitia mtu. Tena halina mlio, na watu wa huku wanasikia gari ndipo wapishe. Nimejaribu kumzuia Violeth kwa uongo, nikamwambia umeme unakatika sana, akasema atafunga sola juu ya paa, nikamwambia mafundi wa magari hayo hakuna, akasema, "Mama, wanafundishwa sasa hivi, wewe usijali."

Kilichonifanya nishike kalamu ni Jumamosi iliyopita. Tulikuwa tunarudi kutoka Msalato, Violeth akapiga simu kuniuliza baba anapenda gari la rangi gani, nikageuka kidogo kumjibu, na papo hapo nikasikia kishindo. Mzee mmoja wa baiskeli, amebeba gunia la mkaa, alikuwa ametokea kushoto. Tulikuwa tunakwenda polepole, Sostenes akafunga breki, mzee akaangukia kwenye majani, gunia likapasuka, namshukuru Mungu alichubuka kiwiko tu. Akainuka akauliza, "Ndugu yangu, kweli hukuniona?" Mume wangu akamjibu, "Nilikuona vizuri. Wewe ndiye umeyumba." Yule mzee akanitazama mimi. Nikainama nikaanza kuokota mkaa. Na unajua alichofanya, Anti? Alituomba radhi.

Nisaidie. Nimwambie Violeth, nimvunje baba yake mbele ya mwanawe, au nikae kimya niongeze umakini? Nampenda mume wangu, udereva ndiyo heshima aliyobaki nayo, lakini nikifumba macho namwona yule mzee kwenye majani, na safari hii hainuki.

Mama Violeth, Makole

ANTI RUKIA ANAJIBU

Shikamoo mama. Nimetanguliza heshima kwa sababu yanayofuata ni makali.

Barua yako sikuiacha isubiri zamu yake gazetini. Uliweka namba ya simu, nikakupigia siku ileile niliyoisoma, na kwa kuwa umeniruhusu, wasomaji wajue yaliyotokea.

Kwanza nilikugombeza, na hapa narudia. Umeandika kurasa nzima za kuliogopa gari ambalo hata kiwandani halijatoka, wakati lililomwangusha mzee wa watu limeegeshwa uani kwako. Hilo la umeme lina kosa gani? Mtu anayeona, gari la kuchanganya haraka litamsaidia kulipita lori bila kukaa sana upande wa pili wa barabara, na la kuvuta kwa magurudumu yote litamvusha kwenye tope akiwa na mgonjwa. Halafu unaniuliza kama uongeze umakini. Umakini gani, mama? Uligeuka kujibu simu tu. Kesho utapiga chafya.

Ukaniuliza, "Sasa nimnyang'anye ufunguo wa gari?" Nikakujibu anza na lililo mikononi mwako: usipande. Ukasema, "Akitoka peke yake je?" Nikakwambia funga geti kwa kufuli, ufunguo wake uwe nao wewe.

Jumapili ukafanya. Yeye ameshavaa suti, gari linanguruma, akakuita, "Mama Violeth, tunachelewa ibada!" Ukasimama barazani, ufunguo wa geti umeufumbata mkononi, ukamwambia, "Sipandi, baba. Na wewe hutoki."

"Nani kakutuma?"

"Yule mzee wa mkaa. Hakuyumba, mume wangu. Wewe hukumwona."

Umenieleza kwamba alikaa kwenye gari muda mrefu, mikono kwenye usukani, injini inanguruma, nawe hujui kama atalielekeza kwenye geti. Kisha akazima. Akasema bila kukutazama, "Sikumwona hata kidogo. Nilisikia kishindo tu, kama wewe." Mkaenda kanisani kwa miguu, umemshika mkono.

Jioni alimpigia Violeth mwenyewe. Hapo nakusifu, maana ulitaka kusema wewe nikakukataza. Habari za macho yake ni zake kuzisema. Violeth alilia, akauliza kwa nini hakuna aliyemwambia miaka yote hii. Hilo swali lilikuwa lako kulijibu, mama, na atakuuliza tena. Usilikimbie.

Daktari amewaambia ni presha ya macho. Palipopotea hapatarudi, dawa ya matone italinda palipobaki, na udereva ndiyo basi. Mngekwenda ulipomwambia mara ya kwanza, huenda pangebaki pakubwa zaidi. Silisemi nikuumize, nalisema kwa ajili ya mwingine anayesoma hapa huku naye akimwongoza mtu wake kimyakimya kutoka kiti cha mbele.

Sasa unaniambia amenuna, na kila asubuhi anatoka kulifuta vumbi lile gari kuukuu, analifuta mpaka linang'aa, halafu anarudi ndani. Mwache afute. Ila ufunguo wake usilale hapo nyumbani, mpeni mchungaji. Matone yasikosekane hata siku moja, hata akikwambia hayamsaidii. Hayo yanalinda, hayaongezi, kwa hiyo hatahisi tofauti. Rudini Msalato kwa bajaji mkamtafute yule mzee wa mkaa, na Sostenes aseme kwa kinywa chake kwamba hakumwona. Usimsemee.

Kuhusu gari jipya, Violeth asilifute kwa huruma wala kwa hasira. Likija, lije kwa ajili ya nyumba, na aendeshe anayeona. Uliniuliza kwa aibu kama mwanamke wa umri wako anaweza kujifunza. Anaweza. Halitakuwa na klachi wala gia za kuhangaika nazo, na nani Dodoma nzima amezitazama barabara kushoto na kulia kama wewe? Ila mguu uwe mwepesi, maana linachomoka kweli kama mumeo anavyosema. Usingoje mwakani, jiandikishe shule ya udereva wiki hii.

Jana ulinipigia tena kuniambia kwamba Sostenes aliposikia habari hiyo aliinua kichwa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile, akasema kufundisha ni kazi yake, atakutoa kila jioni mpaka kwenye uwanja wa wazi, aendeshe yeye kwenda, uendeshe wewe kurudi. Kwa sauti yako nikajua umelainika.

Mkatalie, mama. Mwalimu ni wa shule ya udereva. Sostenes akitaka kuja, akae kiti cha nyuma, afunge mkanda.