Waya Mwembamba wa Mwanaidi

Jumanne. Manyunyu tangu alfajiri, Pangani nzima imelowa, na moyo wangu mchungu kama shubiri.

Wanasema hasidi hana sababu. Mimi ninayo, na jina lake ni Mwanaidi.

Kanikuta karakanani, nimeshachaji betri za sola miaka mingi. Kaja kutoka Kigombe na sauti yake laini, akaitazama pawa saplai yetu ya mezani, mashine ya kuchajia, akauliza mbona yale matundu mawili madogo hatuyatumii. Akachomeka nyaya mbili nyembamba, akazibana kwenye vichwa vya betri. Hizo hazichaji. Kazi ya nyaya hizo ni kuiambia mashine volti ngapi zimefika kwenye betri yenyewe. Volti zikipotea njiani, mashine inaongeza. Basi betri zake zinajaa, zangu wateja wanazirudisha. Na Bwana Shekue, mwenye karakana, wiki hii anachagua nani akasimamie betri za hoteli kule Ushongo. Kazi niliyoiombea dua, jamani.

Leo adhuhuri Mwanaidi kaenda kuswali. Mimi sina swala siku hizi mbili tatu, nikabaki. Nikaona waya wake mmoja mwembamba umechomoka kwenye betri. Mashine, kwa kukosa habari, ikadhani volti hazijafika, ikawa inasukuma tu. Betri ilikuwa ya moto, inatokota ndani.

Nikasimama nikaitazama.

Nilitaka ivimbe. Nilitaka aaibike na Ushongo iwe yangu. Astaghfirullah, ndivyo nilivyotaka.

Halafu nikazima mashine. Nikaushika ule waya niurudishe, na hapo ndipo walipoingia, yeye mbele, Bwana Shekue nyuma.

"Dada Saumu, umefika huko?" Mwanaidi akasema, taratibu, macho yamemjaa machozi. Bora angenitukana.

Nikaeleza yote. Bwana Shekue akaigusa betri, akaguna. "Haya mwanangu, nenda kapumzike." Nilipokuwa navaa viatu mlangoni nikamsikia akimwambia Mwanaidi ajiandae kwa safari ya Ushongo.

Siwalaumu. Karakana nzima inajua ninavyobetua midomo akisifiwa. Ningekuwa mimi ndiye bosi, nami nisingemwamini Saumu.

Lakini wivu haujaisha, umehama tu. Sasa si mashine, wala si Ushongo.

Angekutwa Mwanaidi kashika waya wa betri yangu, nani asingesema anamsaidia mwenzake?