Kurasa Ulizoniachia

Kaka Seif,

Shikamoo. Nakuandikia nimeinamisha kichwa, maana sina uso wa kukutazama hata kwenye picha.

Tangu utuache, programu yetu ya mizani imefika mbali. Unakumbuka ilivyoanza: kijiprogramu cha kuchomekwa ndani ya mfumo wa chama cha wakulima, kisome uzito wa robota la tumbaku na kutoa risiti. Sasa vituo vya ununuzi vya Urambo vinakitumia, na mafundi wa kompyuta wa huko wanakifunga wenyewe kwa kufuata maelezo uliyoyaandika. Mimi ndiye niliyeachiwa vyote viwili, programu na maelezo yake.

Programu nimeibadilisha mara nyingi. Maelezo sikuyagusa. Kila nikifungua ukurasa nasikia sauti yako: "Usiogope, mwenzangu, hapa unabonyeza tu." Nani angefuta hapo? Mama yangu kule Kigwa alikataa kufua shati la mwisho la Baba mpaka mende wakalitoboa, nami nikafanya vilevile na kurasa zako. Nikasahau kwamba shati halimwelekezi mtu njia.

Mwezi uliopita Kulwa, fundi wa kituo kimoja cha Urambo, alitaka kufunga toleo jipya. Akafuata ukurasa wako: ondoa la zamani kwanza, kisha weka jipya. Enzi zako ilikuwa sahihi. Lakini kwa mabadiliko yangu, sasa ukiondoa la zamani, uzito ambao haujatumwa makao makuu unafutika. Ukafutika wa asubuhi nzima. Marobota yalikuwa yameshapandishwa kwenye lori. Yakashushwa yote, yakapimwa upya, wakulima wakashinda juani huku majani makavu yakivunjika mbele ya macho yao. Tumbaku iliyovunjika hushushwa daraja, na wewe unajua mkulima anarudije nyumbani siku hiyo.

Kikaitwa kikao, nami nikaenda. Mwenyekiti akausoma ukurasa kwa sauti mpaka chini, kwenye jina lako. Mzee mmoja akasema, "Marehemu alikosea, ni binadamu. Tumsamehe." Wakaitikia wote, hata Kulwa.

Nami nikaitikia, Kaka. Niliitikia.

Tangu siku hiyo nakuona nyuma ya duka la vitambaa la baba yako, unamsomea shangazi yako maelezo hayo, aya moja moja, uone kama anaelewa. Akikwama, unaiandika upya papo hapo, naye analalamika kwamba chai inapoa. Ukaniambia, "Ukiona nimeandika upuuzi, futa. Huu si msahafu." Nikacheka. Heshima yangu ndiyo iliyokuponza, na nisikudanganye, nusu yake ilikuwa uvivu.

Jana nilimpigia Kulwa nikamweleza ukweli. Akasema tu, "Waambie na wazee." Ijumaa nakwenda Urambo, kwenye kikao kilekile, niwaambie kwamba waliyemsamehe hakuwa na kosa. Naogopa, tena sana.

Nakuahidi, siku nitakayogusa programu ndiyo siku nitakayogusa maelezo. Asubuhi hii nimeuandika upya ukurasa ule. Nimeondoa jina lako chini yake, nikaweka langu, na nimelia kuliko nilivyolia msibani.

Pumzika, Kaka. Atakayekasirika tena ana wa kumlaumu, na yuko hai. Wewe wakikutaja Urambo, iwe kwa dua tu.

Mdogo wako,
Eliza