Nilimwita Mume Wangu Kula, Mashine Ikaitika

Mama Mshauri mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba nikiwa nacheka na kulia pamoja, kwa sababu mume wangu yu hai, yuko hapa karibu nami anapiga pasi shati lake, na kila akikohoa namshukuru Mungu. Mimi ni bibi harusi mpya, tulifunga ndoa kanisani kwetu Migori mwezi wa Agosti, nikamfuata huku Homa Bay, na sijui kama kuna mwanamke amewahi kupenda hivi, maana hata nikiona viatu vyake vya kazi mlangoni natabasamu peke yangu.

Jina lake ni Wesley. Anafanya kazi pale wanapojenga ghala la samaki karibu na ziwa, anapandishwa juu na lile gari lenye mkono mrefu wa chuma, na mwisho wa mkono huo kuna kizimba cha kusimamia ambacho wao hukiita ndoo, naye akiwa humo anafunga mabati na mifereji ya mvua. Ndoo ina liva zake za kuiendesha kutoka juu lakini zilikufa zamani, kwa hiyo mwenzake Mniko, Mkurya wa Isebania, huiendesha kutoka chini akiwa kwenye gari, na msimamizi wao Bwana Monari humpa Mniko ishara za mkono kwa sababu injini inanguruma na hakuna anayesikia neno.

Sasa mimi kila mchana humpelekea chakula, siwezi kukaa nyumbani Mama, na nikifika wenzake hupiga miluzi, “Bwana harusi, shuka, moyo wako umeletwa kwa sufuria!” naye hucheka huko juu meno yote nje, nami nayeyuka. Alhamisi nilikuwa nimemkaangia samaki, ngege wa ziwani, nikaingia hadi karibu na gari, akageuka akaniona, basi nikainua mkono nikamwita kama tulivyofundishwa nyumbani, kiganja kikitazama chini na vidole vikivuta hewa, maana kumwita mtu mzima kwa kiganja kilichotazama juu ni kumwita kama mbwa. Sikujua kwamba kwa watu wa mashine hiyo, kiganja kinachopigapiga chini maana yake ni “shusha”.

Mniko aliona mkono, hakutazama ni wa nani, akashusha. Ndoo ikakwama kwenye ukingo wa paa, ikainama, na Wesley wangu akamwagika nje kama maji. Mama, alining'inia kwa mkanda aliokuwa ameufunga kwenye chuma cha ndoo, miguu ikipiga hewa, nami nikapiga nduru mpaka wavuvi wakasimama kwenye mitumbwi yao. Mniko akainua tena kidogo kidogo, ndoo ikakaa sawa, Wesley akashika ukingo akajivuta ndani.

Wesley alipofika chini, Mniko aliruka kutoka kwenye gari. “Nani alinipa ishara? Nani?”

Nikainua mkono uleule. “Ni mimi, shemeji. Nilikuwa namwita kula.”

Kisha Mniko akasema, “Shemeji, siku nyingine mwite kwa mdomo, hata ukimtukana!” Watu wakacheka mpaka wakakaa chini, na Wesley ndiye aliyecheka zaidi, akala samaki wote.

Lakini Bwana Monari amenikataza kukanyaga pale tena, na Wesley hataki niache kwenda. “Jaber,” ananiambia, ndivyo anavyoniita, mrembo wake, “wakikukosa watasema tumegombana. Simama tu nje ya ua, nikuone nikiwa juu, nitafanya kazi vizuri.” Jumatatu anapanda tena. Nisipokwenda ataona nimepoa, nikienda siuamini mkono wangu. Nifanye nini?

Rispa wa Wesley, Homa Bay

MSHAURI ANAJIBU

Rispa mwanangu,

Hongera kwa kuolewa, na hongera zaidi kwa kuwa mume bado unaye. Nilisoma barua yako nimeshika kifua.

Usijilaumu kwa adabu uliyolelewa nayo. Jilaumu kwa kuingia mpaka chini ya mtu anayefanya kazi juu, bila kofia ngumu, na sufuria mkononi. Ningekuwa Bwana Monari ningekufukuza wewe na ngege wako. Nyundo ikimponyoka Wesley haitauliza kama wewe ni mke wake.

Kwa hiyo usiende, wala nje ya ua usisimame. Mume wako ana macho mawili, na akiwa juu yote mawili ni ya kazi. Mfungie chakula asubuhi akibebe. Wakisema mmegombana, waache waseme.

Lakini umelipita jambo moja haraka haraka, kama mtu anayeruka dimbwi. Liva za juu zilikufa zamani! Nilimuuliza fundi wa mashine hizo hapa mjini, akaniuliza jambo moja tu: “Huyo aliye juu anaisimamishaje?” Haisimamishi, mwanangu. Anapandishwa kama mfuko wa saruji. Liva zake zingekuwa nzima, angeizuia ndoo mwenyewe kabla haijagusa paa, na mkono wako ungebaki mkono wa kuita chakula.

Basi Jumatatu asipande mpaka zitengenezwe. Amwendee Bwana Monari pamoja na Mniko, injini ikiwa bado imezimwa, waseme kwa upole lakini waseme. Mtoa ishara awe mmoja, avae koti la rangi ambayo mwingine hana, na Mniko asipoliona koti hilo asishike liva. Ishara ya “simama” peke yake ndiyo mtu yeyote anaweza kuitoa, na ikitolewa itiiwe. Pazungushiwe kamba ili mtu asipite chini. Mvua hizi za El Nino zimelainisha udongo, kwa hiyo ile miguu ya chuma inayoliegemeza gari iwekewe mbao pana chini. Na mkanda uliomdaka usivaliwe tena, hata ukionekana mzima, maana umeshabeba uzito wa kuanguka. Anunuliwe mwingine na tajiri wake.

Nawe usiwe wa kumwambia “nenda tu, mpenzi, Mungu atakulinda.” Mungu amekwisha kumlinda Alhamisi. Wakikataa kutengeneza, arudi nyumbani atafute kibarua kingine, hata cha kupara samaki. Najua kazi ni ngumu kupata. Lakini barua ya mjane aliyeolewa Agosti sitaki kuifungua.