Gaju, Ngombe Yetu, na Samaki ya Idjwi

Furaha, mujukuu wangu,

Salamu za Muheto zikukute muzima. Mama yako iko anauza maziwa Kitshanga, na mvua inanyesha vizuri.

Unaniuliza uonyeshe wageni nini, kwenye kile kisiwa cha Idjwi unakotumika kazi ya kutembeza wageni. Wakati wa Wabeleji, nikingali musichana, nilivuka na mutumbwi kutoka Bweremana kutembelea shangazi yangu, aliyeolewa Idjwi. Walinionyesha ufuko, mananasi, na kilima unapoonea ziwa lote. Nilisema ni vizuri, lakini nilikuwa natamani kwetu.

Jioni wakaleta samaki. Nikakataa, maana kwetu walisema ukila samaki, ngombe itakauka maziwa. Njo mama mukwe wa shangazi akaniuliza polepole, "Ngombe yenu inaitwa nani, mama?"

"Gaju," nikajibu. Nikamuelezea rangi yake, pembe zake, hata vile inapiga teke. Kuangalia sahani, nikakuta miba tu. Ile samaki niliimaliza mwenyewe nikiongea.

Nyumbani nikakuta Gaju ingali inatoa maziwa.

Kile kilima nimekisahau, lakini yule mama aliyeniuliza habari ya kwetu ningali namukumbuka. Wewe waonyeshe wageni vyote, kisha uwaulize ngombe yao inaitwa nani.

Koko wako